Kasa-Vubu, mkuu wa komini ya Dendale

Kinshasa kuna komini inayoitwa Kasa-Vubu. Mpita njia anaweza kudhani ilipewa jina hilo kwa heshima tu, jinsi barabara na shule za nchi yetu zinavyopewa majina ya wakubwa waliokwisha kufa. Lakini jina hilo lina sababu ya karibu zaidi. Wakati wa Wabelgiji komini hiyo iliitwa Dendale, na Joseph Kasa-Vubu alikuwa mkuu wake, burgumesta kama tulivyozoea kusema, kabla ya kuwa rais wa kwanza wa Kongo huru. Mtu huyu aliingia katika siasa ya nchi kwa mlango wa komini, kwa kura za wanaume wa mtaa wake, akiwa karani anayeishi kwa mshahara wa mwezi.

Ninaandika maisha yake kwa sababu ya jambo lililotokea hapa kwetu. Tarehe 20 Desemba 2023, pamoja na rais na wabunge, wakazi wa makao makuu ya majimbo walichagua pia washauri wa komini. Lubumbashi tulipiga kura hiyo. Kilwa, nilikozaliwa, kando ya ziwa Moero katika eneo la Pweto, hawakuipiga, kwa sababu kura ya komini haikutoka nje ya makao makuu. Tangu hapo, kila nikirudi nyumbani wakati wa likizo, vijana wenzangu huniuliza swali moja: siku kura hiyo itakapofika kwao, mtu asiye na fedha ataweza kugombea? Sikupenda kuwajibu kwa kubahatisha. Nimechukua maisha ya mtu aliyegombea bila fedha na kushinda, nikayasoma nikiwa na swali lao mkononi. Jibu nililolipata lina pande mbili, na upande wa pili unatuhusu sana sisi watu wa Katanga.

Mtoto wa Mayombe

Kasa-Vubu alizaliwa Kuma-Dizi, kijiji cha Mayombe upande wa Tshela, katika misitu ya magharibi iliyo karibu na bahari. Alibatizwa katika misioni ya Kizu mwaka 1925, akaitwa Joseph. Mapadre wa Scheut walimwona ni mtoto mwenye akili na utulivu, wakampeleka seminari ndogo ya Mbata-Kiela mwaka 1928. Mwaka 1936 alivuka nchi akaenda Kabwe, katika Kasai, kwenye seminari kubwa. Huko alijifunza falsafa kwa miaka mitatu pamoja na vijana waliotoka sehemu nyingine za nchi.

Wakati ule seminari ilikuwa shule ya juu kuliko zote ambazo Mkongomani aliweza kuzifikia. Chuo kikuu hakikuwapo. Chuo cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na chuo chetu hapa Lubumbashi mwaka 1956. Mtu aliyetaka elimu ya kweli hakuwa na njia nyingi: awe padre, au akubali kuishia katika darasa la makarani. Kasa-Vubu alipita njia ya kwanza karibu mpaka mwisho, kisha ikafungwa. Mwaka 1939 wakubwa wake waliamua kwamba hataendelea na upadre, akarudi Mayombe.

Alifundisha katika shule ya misioni, akafanya kazi kidogo katika kampuni ya Agrifor, akaoa, na mwaka 1942 akaingia kazi ya serikali Léopoldville, katika idara ya fedha. Kwa miaka mingi aliishi maisha ya karani: asubuhi ofisini, jioni mtaani, mwisho wa mwezi mshahara ambao Mzungu wa kazi ileile angeuona ni mzaha. Hata hivyo hakuwa peke yake. Wanafunzi wa zamani wa mapadre walikuwa wametawanyika katika ofisi zote za jiji, nao walikutana katika vyama vyao, wakasomeana hotuba, wakajadili vitabu. Kasa-Vubu hakuwa msemaji wa kuwasha moto. Waliomjua wanamtaja kama mtu wa maneno machache, mzito kuamua, lakini akishaamua harudi nyuma.

Mwaka 1946 alitoa hotuba mbele ya wenzake kuhusu haki ya mkaaji wa kwanza. Hoja yake ilikuwa rahisi kuielewa na ngumu kuivumilia kwa serikali: ardhi ina wenyewe, na wenyewe ni wale waliokuwa juu yake kabla ya mwingine kufika. Aliitoa juu ya ardhi ya Bas-Congo, na mshtakiwa alikuwa mkoloni. Ninaomba msomaji aitunze hoja hii, kwa sababu itarudi baadaye mahali pengine, ikiwa mikononi mwa watu wengine na ikimlenga mtu mwingine.

Chama cha lugha

Sisi wa kitivo cha lugha tuna haki ya kusimama kidogo hapa. Chombo kilichompandisha Kasa-Vubu hakikuanza kama chama cha siasa. ABAKO ilianzishwa mwaka 1950 na Edmond Nzeza-Nlandu kwa ajili ya kuunganisha, kuhifadhi na kueneza lugha ya Kikongo. Léopoldville imejengwa katika nchi ya Wakongo, lakini Lingala, iliyoshuka mto pamoja na askari, mabaharia na wafanyakazi, ilikuwa inatawala sokoni, kazini na katika nyimbo. Watu wa Bas-Congo waliona watoto wao wanakua katika jiji lililo juu ya ardhi ya babu zao huku wakisema lugha ya watu wa mto. Chama kikaundwa ili kuilinda lugha.

Serikali haikuona hatari. Ilikuwa imezuia vyama vya siasa, lakini vyama vya kabila, vya utamaduni na vya wanafunzi wa zamani iliviacha, hata ikavipenda, kwa kuwa vilionekana kama mambo ya ngoma na hadithi. Chini ya kivuli hicho ABAKO ilikua. Ilikuwa na matawi mitaani, ilikuwa na michango ya wanachama, ilikuwa na gazeti lake, Kongo dia Ngunga. Mtu aliyetoka kijijini na kufika jijini bila ndugu alijua mlango wa kubisha. Tarehe 21 Machi 1954 Kasa-Vubu alichaguliwa kuwa rais wa chama hicho.

Miaka miwili baadaye kila mtu aliona lugha imezaa nini. Mwishoni mwa mwaka 1955 profesa mmoja Mbelgiji, Van Bilsen, alikuwa ametangaza mpango wa kuikomboa Kongo katika miaka 30. Katikati ya mwaka 1956 kundi la Wakongomani waliosoma, wenye gazeti la Conscience Africaine, walitoa tangazo lililokubaliana na njia ya polepole. Mwezi Agosti ABAKO ilijibu kwa tangazo lake: miaka 30 ni mingi mno, haki zitolewe sasa, na vyama vya siasa viruhusiwe. Karani wa fedha aliyesema kidogo alikuwa amesema jambo kubwa kuliko wote.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloeleza kampeni yake. Watu wengi hufikiri kampeni huanza siku orodha za wagombea zinapobandikwa ukutani. Kampeni ya Kasa-Vubu ilikuwa imekwisha kufanyika kwa miaka mitatu bila yeye kuomba kura hata moja. Kila mkutano wa tawi, kila toleo la gazeti, kila mchango uliokusanywa ulikuwa umejenga kitu ambacho mwenye fedha hawezi kukinunua katika majuma sita.

Kura ya mwaka 1957

Tarehe 26 Machi 1957 Wabelgiji walitoa sheria mpya ya miji. Kwa mara ya kwanza wakazi weusi wangechagua washauri wa komini zao. Walianza na miji mitatu tu: Léopoldville, Élisabethville ambayo ndiyo Lubumbashi ya leo, na Jadotville ambayo ndiyo Likasi. Waliopiga kura walikuwa wanaume tu, waliotimiza miaka 25. Mama zetu hawakuhesabiwa. Washauri wakishachaguliwa, mkuu wa komini alipatikana miongoni mwao na kuthibitishwa na serikali. Juu yao wote alikaa burgumesta wa kwanza wa jiji, naye alikuwa Mbelgiji.

Serikali ilifikiri kwamba kura ya komini ni kura ya mambo madogo: usafi, soko, vibali, taa za njiani. Wagombea wangesimama kila mmoja kwa jina lake, watu wangemchagua jirani mwema, na siasa ingebaki mikononi mwa gavana. Hesabu hiyo ilikosea, maana watu walichagua kwa kufuata vyama walivyokuwa navyo tayari, na vyama vilivyokuwapo ni vya kabila.

Léopoldville ilipiga kura tarehe 8 Desemba 1957. Wakongo walikuwa karibu nusu ya wakazi weusi wa jiji, wala si wote. Lakini ABAKO iliwapanga watu wake. Mwanachama alijua ampigie nani katika komini yake, na kura hazikutawanyika. Upande wa pili, watu wa mto, wa Kasai na wa kwingineko walikuwa na vyama vingi vidogo na wagombea wengi, wakagawana kura zao mpaka zikayeyuka. Matokeo yake, ABAKO ilipata sehemu kubwa ya viti, kupita kiasi cha watu wake jijini. Kasa-Vubu akawa mkuu wa Dendale. Arthur Pinzi akapata Kalamu, Gaston Diomi akapata Ngiri-Ngiri.

Tukiweka hesabu ya kampeni hiyo mezani, tunaona mambo manne yaliyochukua nafasi ya fedha. La kwanza ni matawi yaliyokuwapo kabla ya kura. La pili ni gazeti, dogo lakini la wenyewe, katika lugha ambayo msomaji aliipenda. La tatu ni nidhamu: komini moja, orodha moja, mpinzani asigawanye kura za nyumbani. La nne ni neno moja lililo wazi. Tangu tangazo la 1956 kila mtu alijua ABAKO inataka nini, hata yule asiyejua kusoma.

Haya yote nimeyaona kwa macho yangu kwa namna ndogo. Mwaka 2023 nilimsaidia mwalimu mmoja wa kartiye yetu aliyegombea komini hapa Lubumbashi. Akiba yake karibu yote ilikwenda katika dhamana ya kugombea, ile isiyorudishwa. Kilichobaki kilitosha karatasi chache na vocha za simu. Tulitembea kwa miguu, avenyu kwa avenyu, jioni watu wakirudi kazini. Tulikuwa tumejiandaa kueleza habari za mifereji inayojaa wakati wa mvua na uchafu usiochukuliwa. Lakini mara nyingi swali la kwanza tuliloulizwa uani, hata kabla ya kupewa kiti, lilikuwa: huyu papa ni mtu wa wapi? Wakishajua ni wa wapi, wengine walitukaribisha na wengine wakarudi kwenye jiko lao. Hakushinda. Mimi nilibaki na swali lile, kwa maana nililikuta pia ndani ya ushindi wa Kasa-Vubu.

Kiti kidogo, sauti kubwa

Tarehe 20 Aprili 1958 Kasa-Vubu alitawazwa rasmi kuwa mkuu wa Dendale. Siku kama hiyo ilikuwa na desturi yake: mkuu mpya anaishukuru serikali, anaahidi usafi na utulivu, watu wanapiga makofi na kunywa. Yeye alisimama mbele ya wakubwa wa Kibelgiji akadai uchaguzi wa nchi nzima, serikali ya ndani ya Wakongomani wenyewe, uhuru wa magazeti, na polisi walio na wakubwa weusi. Alionyesha kwamba hakuna demokrasia mahali ambapo mkuu wa komini anachaguliwa kisha anaamriwa na watu ambao hakuna aliyewachagua. Serikali ilimpa onyo. Maneno yake yalikuwa yamekwisha kuenea jijini.

Hapa naona ufundi wake wa kweli. Madaraka ya komini yalikuwa kidogo sana. Mkuu wa komini hakuweza kubadilisha sheria wala mshahara wa mtu. Lakini alikuwa amechaguliwa, na gavana wa koloni hakuweza kusema hivyo juu yake mwenyewe. Kasa-Vubu aliona kwamba kiti kinaweza kuwa kidogo na mguu wake ukawa mrefu.

Mwaka haukuisha. Jumapili tarehe 4 Januari 1959 ABAKO ilitaka kufanya mkutano katika ukumbi wa YMCA, Kalamu. Ruhusa haikutolewa. Watu walikuwa wamejaa, viongozi wakawaomba warudi nyumbani, na wakati huohuo maelfu ya watazamaji wa mpira walikuwa wanatoka uwanjani karibu na pale. Jiji likalipuka. Maduka yalivunjwa, majengo ya misioni na ya serikali yakashambuliwa, askari wakapiga risasi. Serikali ilihesabu maiti karibu 50, na wengi waliamini waliokufa walikuwa zaidi sana. Kasa-Vubu alikamatwa pamoja na wenzake, ABAKO ikavunjwa kwa amri, na baadaye akapelekwa Ubelgiji. Lakini tarehe 13 Januari, siku tisa tu baada ya fujo, mfalme Baudouin alitangaza kwamba Kongo itapewa uhuru. Mwezi Mei mkuu wa Dendale alirudi, na watu walimpokea kama mtu aliyekwisha kushinda.

Mwaka uleule, Lubumbashi

Sasa turudi kwetu. Sheria ileile, mwezi uleule wa Desemba 1957, ilileta kura katika komini za weusi za Élisabethville: Albert, ambayo leo ni Kamalondo, pamoja na Kenya, Katuba na Ruashi. Hapa pia watu walifuata vyama vya asili zao. Wakasai, waliokuja kwa miaka mingi kufanya kazi katika reli, katika ofisi na katika Union Minière, walikuwa wengi na walikuwa wamejipanga. Matokeo yalipotoka, katika viti vya wakuu wa komini hakupatikana mwenyeji wa Katanga hata mmoja. Wengi wao walikuwa watu wa Kasai.

Njia waliyoitumia haikuwa tofauti na ya ABAKO: walijipanga, hawakutawanya kura. Lakini Léopoldville walioshinda ni waliojiita wenye ardhi, na Élisabethville walioshinda ni walioitwa wageni. Hasira ya wenyeji ilikuwa kubwa. Oktoba 1958 vyama vya wenyeji vikaungana katika CONAKAT, kwanza chini ya Godefroid Munongo, kisha chini ya Moïse Tshombe. Walowezi Wazungu wa Katanga, walioogopa kupoteza utajiri wao, wakawapa mkono. Hoja iliyosikika mitaani ilikuwa ni ile tuliyoiacha mwaka 1946: haki ya mkaaji wa kwanza. Safari hii mshtakiwa hakuwa mkoloni. Alikuwa jirani wa ua wa pili, fundi wa reli, mwalimu wa shule, aliyezaliwa Luluabourg au hata hapahapa.

Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza Katanga ni nchi peke yake. Yaliyofuata tunayajua, na wengi wetu tuna wazee waliokimbia au waliokimbiza. Miaka 30 baadaye, mwaka 1992 na 1993, Wakasai walifukuzwa tena Likasi, Kolwezi na kwingine, wakalala katika stesheni wakingoja treni. Sisemi kwamba kura ya komini ya 1957 ndiyo mama wa mambo hayo yote. Shaba, walowezi na wakubwa waliotafuta vyeo vina sehemu kubwa zaidi. Lakini kura ile ndiyo mara ya kwanza watu wa jiji letu walipohesabiana kwa asili zao hadharani, kwa karatasi, na kuona nani amemzidi nani.

Rais

Maisha yaliyobaki ya Kasa-Vubu yamo katika vitabu vyote, kwa hiyo nayapitia upesi. Alikwenda katika mkutano wa Meza ya Mviringo, Brussels, Januari 1960. Baada ya uchaguzi wa Mei, bunge lilimchagua kuwa rais, akimshinda Jean Bolikango, na Patrice Lumumba akawa waziri mkuu. Hawakupatana. Tarehe 5 Septemba 1960 Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa Lumumba. Lumumba aliletwa Katanga na kuuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961. Jina la Kasa-Vubu haliwezi kutenganishwa na kivuli hicho.

Alibaki rais kwa miaka mitano katika nchi iliyojaa maasi na mapatano. Mwaka 1964 alimwita Tshombe, adui wa jana, awe waziri mkuu. Oktoba 1965 akamwondoa. Mwezi mmoja baadaye Mobutu akawaondoa wote. Kasa-Vubu hakupigana. Alirudi Mayombe, akaishi kimya, akafa Boma tarehe 24 Machi 1969. Tshombe alikufa kifungoni Algiers mwaka huohuo, mwezi Juni. Boma leo ina chuo kikuu chenye jina la Kasa-Vubu.

Naona rais huyu alibaki na mipaka ya mkuu wa komini. Aliwajua watu wake sana, na watu wake walimjua. Mbele ya wale ambao hawakuwa watu wake, hakuwa na chama, wala gazeti, wala lugha ya kuwafikia. Nguvu iliyompandisha ilisimama kwenye mpaka wa Bas-Congo.

Jibu kwa vijana wa Kilwa

Kwa hiyo, mtu asiye na fedha anaweza kugombea komini? Maisha ya Kasa-Vubu yanajibu ndiyo. Aanze miaka mitatu kabla, si majuma matatu. Awe katika chama kinachofanya kazi ya kweli, kiwe cha wavuvi, cha wazazi wa shule au cha wakulima, ili siku ya kura watu wamkute tayari kati yao. Aseme jambo moja lililo wazi. Asikubali kura za upande wake zigawanyike bure. Haya hayahitaji magari wala fulana.

Upande wa pili wa jibu ni huu. Kampeni isiyo na fedha hulipwa kwa mali nyingine, na mali iliyo rahisi kuliko zote ni asili: lugha ya mama, kijiji cha babu, jina la ukoo. Haigharimu kitu siku ya kampeni. Gharama yake huja baadaye, na mara nyingi hulipwa na mtu ambaye hakugombea. ABAKO ililinda lugha yake, na kulinda lugha ni kazi njema. Sisi wa kitivo hiki tunaila mkate. Lakini chama cha lugha kilipogeuka kuwa mashine ya kura, kila asiyeisema lugha ile alijikuta nje ya mlango.

Katanga tuna bahati moja ambayo Léopoldville ya 1957 haikuwa nayo kwa namna hii. Kiswahili chetu hakina kabila. Kilikuzwa katika kambi za migodi na katika misioni, kati ya watu waliotoka kila upande na waliohitaji kuelewana. Kilwa, Mshila anayevua samaki, mchuuzi aliyetoka Kasenga, dereva wa lori aliyetoka Lubumbashi na dada aliyetoka Kasai kununua samaki wakavu wanapatana bei kwa lugha hiyohiyo ufukweni. Hakuna anayeweza kusema babu yake aliikalia kwanza. Mgombea maskini anayejua kuitumia anayo mali ya bure isiyomfukuza mtu.

Nitawaambia hayo vijana wa Kilwa. Watakapobisha hodi katika ua wa kwanza na kuulizwa mgombea wao ni mtu wa wapi, wajibu kwamba ni mtu wa komini hii, kisha waeleze habari ya maji, ya soko na ya barabara ya Lubumbashi. Huenda mwenye ua akarudi jikoni kwake, nao watapoteza kura ile. Wasiitafute kwa jibu lingine.